Acheni kuandika "angalia ukurasa wa 14": tufuatilie marekebisho ya ramani kwa namba ya shiti

MkaguziWaRamani (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi.

Mimi nakagua ramani za majengo. Zamani tulikuwa tunatandaza makaratasi mezani, kila shiti ya A1 ina milimita 594 kwa 841, na ukitaka kujua kilichobadilika unalaza mpya juu ya ya zamani kwenye meza yenye taa kwa chini. Siku hizi kila kitu kinapakiwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa mtandaoni kama PDF. Mfumo naupenda na sitamani kurudi kwenye makaratasi. Ila kuna jambo linatuumiza sote, wakaguzi kwa wasanifu: marekebisho tunayafuatilia kwa namba ya ukurasa wa faili wakati kila mchoro una namba yake ya shiti pale kwenye kona ya chini kulia.

Niwape kisa. Jengo la ghorofa nne, seti ya kurasa 46. Hoja yangu ya 9, yaani jambo la tisa nililotaka msanifu alirekebishe, niliiandika hivi: "Ukurasa wa 14, mlango wa ngazi ya dharura unafungukia kwenye korido. Ugeuzwe ufungukie upande wa ngazi, kufuata mwelekeo wa watu wanaotoka." Ukurasa wa 14 siku hiyo ulikuwa shiti A-102, ghorofa ya kwanza. Seti ikarudi imerekebishwa. Msanifu, kwa nia njema kabisa, alitanguliza ukurasa mmoja mpya wenye orodha ya mambo aliyobadilisha. Ukurasa mmoja tu. Kuanzia hapo kila kitu kikasogea: A-101 iliyokuwa ya 13 ikawa ya 14, A-102 ikawa ya 15.

Mimi nilikuwa likizo. Mwenzangu akashika kazi, akasoma hoja ya 9, akafungua ukurasa wa 14, akakuta mlango wa ngazi umechorwa sawasawa. Akaifunga hoja. Hakufanya pupa, wala hakusoma vibaya. Alikwenda palepale nilipomwelekeza. Ila alichokuwa anakiangalia ni ghorofa ya chini, ambayo haikuwahi kuwa na tatizo. A-102 haikuguswa hata kidogo, na seti nzima ikagongwa muhuri.

Tulikuja kugundua tulipokwenda kukagua jengo lenyewe. Fremu ya chuma ilishajengewa ukutani, bawaba ziko upande usiotakiwa, plasta imekauka. Nilisimama pale nikiwa na simu mkononi, nafungua seti iliyoidhinishwa, na chini ya muhuri wetu nikaona ule mlango wa mwanzo, haujabadilika. Ukuta ukabomolewa upande mmoja, fremu ikatolewa. Hakuna aliyeumia. Lakini ule ni mlango ambao watu wangeusukuma gizani, moshi umejaa, wote kwa pamoja. Mpaka leo hoja ile ya 9 naikumbuka neno kwa neno, na neno lililotuponza ni "ukurasa".

Ukurasa wa 14 ni nafasi kwenye foleni. Akiingia mtu mmoja mbele, wewe si wa 14 tena. A-102 ni jina. Mchoro ukisogezwa mbele au nyuma, ukitumwa peke yake bila wenzake, jina linabaki nao.

Ninachopendekeza:

Kila hoja ya mkaguzi itaje namba ya shiti, toleo lake, na mahali kwenye mchoro. Kila jibu la msanifu lifanye hivyo hivyo. Namba ya shiti isibadilike tangu ramani inapowasilishwa mara ya kwanza hadi jengo linapokamilika. Kinachobadilika ni alama ya toleo tu. Shiti ikifutwa, namba yake ifutwe nayo na isipewe mchoro mwingine.

Naombeni maoni, hasa ya wale wanaochora. Nataka kujua inawakwamisha wapi.

---

DadaMsanifu

Asante mkuu kwa kuleta hili, na pole kwa yaliyokukuta. Naunga mkono, ila niseme na la upande wetu.

Barua za hoja tunazopokea nyingi zimeandikwa kwa kurasa. Nikiletewa "ukurasa wa 22, onyesha upana wa njia ya kutokea", inabidi nami nijibu kwa ukurasa wa 22, maana nikiandika A-104 mkaguzi ananiuliza iko wapi. Kwa hiyo mkianza ninyi, sisi tutafuata siku hiyo hiyo.

Sasa swali la kweli. Nina A-101 mpaka A-104. Katikati ya kazi mteja anaongeza nusu ghorofa kati ya ya chini na ya kwanza. Ni lazima mchoro wake ukae kati ya A-101 na A-102. Nisipozisogeza zile nyingine nafanyaje?

---

Nondo16

Mimi hapo huwa nazisogeza tu. Programu inabadilisha namba zote yenyewe, orodha ya michoro mwanzoni inajisahihisha, dakika tano kazi imekwisha. Sioni kwa nini tuogope. Mkaguzi si atasoma orodha mpya?

---

MkaguziWaRamani

Nondo16, ndugu yangu, hapo ndipo penyewe, na niruhusu nipakalie kitako.

Namba ya shiti haikai kwenye kona peke yake. Fungua ukurasa wowote wa sehemu ya jengo iliyokatwa, utaona viduara vimetapakaa: juu namba ya mchoro mdogo, chini namba ya shiti. 5 juu, A-501 chini, maana yake nenda shiti A-501 ukaangalie mchoro wa 5. Hiyo ni anwani. Na haipo kwenye michoro ya usanifu tu. Mhandisi wa miundo ameandika kwenye S-201 "tazama A-301". Fundi umeme ameandika "urefu wa dari kama A-121". Mwandishi wa vipimo vya kazi ameandika kwenye hati yake ya maneno, ambayo haimo hata kwenye programu ya kuchorea. Na mimi kwenye hoja zangu 30 nimeandika namba hizo hizo.

Programu yako inasahihisha viduara vilivyo ndani ya faili lako. Vya mhandisi wa miundo haivioni. Maandishi yaliyochapwa kwa mkono haiyaoni. Barua yangu haiioni. Matokeo yake A-103 ya mwezi uliopita na A-103 ya leo ni ghorofa mbili tofauti, na zote mbili zipo kwenye mfumo, moja imeandikwa toleo la 1, nyingine toleo la 2. Mfumo unaamini ni mchoro mmoja uliorekebishwa. Ukiulaza mmoja juu ya mwingine unaona kila mstari umebadilika, na huwezi kutofautisha kilichorekebishwa na kilichohama.

Dada Msanifu, swali lako ni zuri. Kuna njia mbili ninazozikubali. Ya kwanza ni kuipa shiti mpya namba inayofuata mwishoni mwa kundi lake, A-105, na kwenye jina iandikwe wazi kwamba ni nusu ghorofa kati ya chini na ya kwanza. Namba haina lazima ya kufuata urefu wa jengo. Ya pili ni kuongeza herufi: A-101A. Hii inaikalisha palepale unapotaka, ila hakikisha mapema kwamba mfumo mnaotumia unaipokea, na msije mkaitumia herufi hiyo hiyo kama alama ya toleo. Nimewahi kuona A-101A ya mtu mmoja ikimaanisha mchoro wa ziada, na ya mtu mwingine kwenye seti hiyo hiyo ikimaanisha toleo A la A-101.

---

Nondo16

Nimekuelewa mkuu. Hilo la mhandisi wa miundo sikulifikiria, na kweli kuna mradi nilipigiwa simu tatu kwa siku kuulizwa S-204 ni ipi. Sababu ilikuwa mimi.

---

MtunzaFaili

Wakuu, mimi kazi yangu ni kupokea na kupanga mafaili kabla hayajamfikia mkaguzi. Naomba niongezee ya jikoni ambayo watu hawayaoni.

Namba iliyoko kwenye kona ya mchoro lazima ifanane herufi kwa herufi na jina la faili na orodha ya michoro. Kwa macho ya binadamu A-101, A101, A.101 na A 101 ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni majina manne. Chagueni moja, mlishike hadi mwisho.

Sifuri ya mbele msiidharau. Ukiandika A-1, A-2 mpaka A-12, mifumo mingi itazipanga A-1, A-10, A-11, A-12, kisha ndipo A-2. Ukiandika A-01, A-02, zinakaa kwenye mstari.

Halafu kuna jambo la kuandika toleo kwenye jina la faili. Hapa watu wanagombana sana na kila upande una sababu. Kuna mifumo inayotambua marekebisho kwa jina: ukipakia faili lenye jina lile lile, inaliweka juu ya la zamani kama toleo la 2, na hoja za mkaguzi zinabaki zimeshikana na mchoro wake. Huko ukiandika "A-102_toleo2" umemzaa mtoto mpya asiye na historia. A-102 ya zamani inabaki pale na hoja zake wazi, mpya inakaa pembeni haina hoja hata moja, na kwa mbali inaonekana kama imepita. Kuna mifumo mingine ambayo ni folda tu, jina likifanana linafuta la zamani moja kwa moja. Huko bila alama ya toleo kwenye jina umepoteza ushahidi. Kwa hiyo ulizeni kwanza mfumo wenu unafanya kazi vipi, ndipo mpange majina.

La mwisho, saini za kidijitali. PDF ikishasainiwa kisha mtu akatoa ukurasa mmoja katikati na kuweka mwingine, saini ya faili zima inavunjika. Ndiyo maana penye saini napendelea shiti moja faili moja. Ukirekebisha A-102 unasaini A-102 peke yake, nyingine 45 hazijaguswa na saini zake ziko palepale.

---

DadaMsanifu

Mtunza Faili, hilo la mtoto asiye na historia limenigusa. Nimefanya hivyo miaka miwili nikidhani nawasaidia.

Na kwa wale ambao mfumo wao unataka faili moja kubwa lenye shiti zote?

---

MtunzaFaili

Hapo tumia lebo za kurasa, dada. PDF ina sehemu yake ya ndani ambapo kila ukurasa unaweza kupewa jina tofauti na nafasi yake. Ukizipanga vizuri, pembeni husomi 13, 14, 15. Unasoma A-101, A-102, A-103. Hata ukitanguliza kurasa tatu mbele, lebo zinaambatana na michoro yake. Programu kama Bluebeam Revu inaweza kusoma namba kutoka kwenye kona ya kila shiti na kuandika lebo zote kwa mpigo mmoja, kisha marekebisho yakija ikaoanisha shiti mpya na ya zamani kwa lebo na kuibadilisha mahali pake.

Ila inasoma kama namba iko sehemu ile ile kwenye kila shiti, na kama ni maandishi halisi. Ukichapisha, ukaskani, ukarudisha kama picha, au fonti ikageuka mistari mitupu, kompyuta haioni herufi yoyote pale. Na baada ya kusoma, pitieni kwa macho. Nimeshaona sifuri ikisomwa kama herufi O, S-1O1, na kuanzia hapo hiyo shiti haipati mwenzake.

---

MchoraGridi

Kuhusu namba zenyewe, kwa wanaoanza mradi mpya na hawana utaratibu: kiwango cha kitaifa cha michoro ya kompyuta cha Marekani kina mpangilio ambao umeenea kwa sababu unasomeka. Herufi ya kwanza ni taaluma: G mambo ya jumla, C eneo na barabara, S miundo, A usanifu, P mabomba, M mitambo, E umeme. Tarakimu ya kwanza ni aina ya mchoro: 0 maelezo na alama, 1 ramani ya kutoka juu, 2 sura ya nje, 3 sehemu iliyokatwa, 4 sehemu zilizokuzwa, 5 michoro midogo ya undani, 6 majedwali. Mbili za mwisho ni mfuatano, 01 hadi 99. Hivyo A-102 ni ramani ya pili ya usanifu. Faida yake kwenye mjadala huu ni kwamba kila kundi lina nafasi ya kukua bila kulisukuma jingine.

Wanaofuata ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kupanga taarifa za ujenzi, kwa utaratibu wa Uingereza wana jina refu lenye mradi, kampuni, ngazi ya jengo na kadhalika, na toleo linakaa mbali na namba: P01, P02 wakati bado ni rasimu za kupitiwa, C01 ikishakuwa ya mkataba. Jina refu linachosha kulitamka kwenye simu, nakiri, lakini wazo ni lile lile la mleta mada: jina halibadiliki, toleo ndilo linalobadilika.

Na kama toleo lenu ni herufi, rukeni I na O. Zinafanana mno na moja na sifuri. Kiwango cha ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, cha marekebisho ya michoro kinaruka pia Q, S, X na Z.

Jambo moja kwa watumiaji wa Revit, programu ya kuchorea majengo. Kuna mahali pa kuchagua marekebisho yahesabiwe kwa mradi mzima au kwa kila shiti. Ukiacha kwa kila shiti, uwasilishaji ule ule wa siku moja unaweza kuwa rekebisho la 1 kwenye A-102 na la 3 kwenye A-601, kwa sababu A-601 ilishabadilika mara mbili huko nyuma. Mkaguzi akiuliza "nipeni toleo la 3" anapata mchanganyiko. Kwa ukaguzi wa mtandaoni mimi naweka kwa mradi mzima, ili 3 iwe 3 popote inapoonekana, hata kama shiti fulani imeruka kutoka 1 kwenda 3.

---

Kalamu_Mpya

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi. Yale mawingu mekundu na pembetatu zenye namba huwa yanafutwa lini? Nimeona seti moja ina mawingu kila mahali hadi mchoro hausomeki.

---

MchoraGridi

Marahaba. Wingu linazungushiwa kilichobadilika, pembetatu iliyo kando yake ina namba ya rekebisho, na namba hiyo inarudiwa kwenye jedwali dogo la marekebisho pembeni mwa shiti pamoja na tarehe na maelezo mafupi. Ukitoa rekebisho la 3, mawingu ya la 2 yaondoe, pembetatu za la 2 ziache. Hivyo mkaguzi anaona kwa haraka kipya ni kipi, na historia haijapotea. Na kwenye jedwali usiandike "marekebisho mbalimbali". Andika kilichofanyika.

---

MzeeWaBoriti

Wanangu, nimesoma yote. Nimekaa kwenye miundo muda mrefu, naomba niwakumbushe kwa nini mstari mmoja kwenye shiti moja una uzito huu.

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia za juu za kutembea zilizoning'inizwa ndani ya ukumbi zilianguka zikiwa na watu juu na chini yake. Walikufa 114, waliojeruhiwa walizidi 200. Mchoro wa awali ulionyesha fimbo ndefu za chuma zinazotoka darini, zinapita kwenye njia ya ghorofa ya nne na kushuka hadi ya ghorofa ya pili. Kwenye michoro ya karakana, ile ya mtengenezaji wa vyuma, kila fimbo ndefu ikagawanywa mbili: moja kutoka darini hadi ya nne, nyingine kutoka ya nne hadi ya pili. Kwenye karatasi ni badiliko dogo. Lakini sasa njia ya chini ilikuwa inaning'inia kwenye boriti za ya juu, na nati zilizo chini ya boriti hizo zikabeba karibu mara mbili ya mzigo. Michoro ile ilipita ofisi ya wahandisi na kugongwa muhuri.

Sisemi kwamba namba ya shiti ingewaokoa. Kiungo chenyewe hakikuhesabiwa upya, na hilo ni kubwa kuliko namba. Lakini kazi ya mkaguzi ni kuhakikisha kwamba kilichobadilika kimeonwa na mtu anayejua anachokiangalia. Mkimpotezea muda wa kutafuta shiti, mnakula muda wake wa kufikiri juu ya fimbo na nati.

---

FundiSite

Mzee wangu, ahsante. Huku kwenye ujenzi tunalipia sana haya mambo.

Kilio changu ni kimoja: mkitutumia kurasa zilizorekebishwa tu, tuambieni hizo nyingine zimebaki kwenye toleo gani. Napokea shiti sita mpya. Nina seti ya 46 ukutani. Je, zile 40 bado halali? Au kuna nyingine zilibadilika mwezi uliopita sikupewa? Nimewahi kukuta A-301 mbili kwenye jengo moja, ya fundi nondo na ya fundi seremala, kila mmoja anaapa yake ndiyo ya mwisho.

---

MkaguziWaRamani

Hilo linatibika kwa orodha ya michoro iliyotengenezwa kama jedwali. Mistari ya kulala ni shiti zote, safu za wima ni tarehe za kila uwasilishaji. Shiti iliyotolewa tarehe hiyo inawekewa namba ya toleo lake kwenye kisanduku, isiyotolewa inaachwa wazi. Ukitaka kujua A-301 halali ni ipi, pita kwenye mstari wake hadi namba ya mwisho kulia. Basi. Jedwali hili liwe shiti yenye namba yake, kwa mfano G-002, na lirudi kila mara hata kama kilichorekebishwa ni shiti moja tu. Shiti iliyofutwa inabaki kwenye mstari wake, imeandikwa "imefutwa" na tarehe. Na ule ukurasa wa orodha ya mabadiliko ulioniletea matatizo, upewe nao namba yake ya G, hautasukuma kitu.

Niweke hapa pia jinsi jibu la hoja linavyotakiwa lisomeke, maana nimeona wengi wanaandika "Imerekebishwa" na kuishia hapo. Kwa hoja yangu ile ya 9 ingekuwa:

"Hoja 9. Shiti A-102, toleo 2, makutano ya mistari C na 4. Mlango D-114 umegeuzwa, unafungukia upande wa ngazi. Shiti A-601, toleo 2, jedwali la milango: mstari wa D-114 umebadilishwa kulingana na hilo. Shiti nyingine hazikuguswa kwa hoja hii."

Huo mstari wa mwisho ni dhahabu kwangu. Unaniambia niishie wapi kutafuta.

Na kwa anayelaza mchoro juu ya mchoro kwenye kompyuta: hakikisheni fremu ya shiti haijahama na kipimo ni kile kile. Mchoro ukisogezwa sentimita mbili kupisha maelezo, kila ukuta unatoka na rangi mbili, na badiliko la kweli linazama humo.

---

Nondo16

Mkuu, nina seti mkononi sasa hivi, kurasa 62, iko raundi ya tatu. Namba za shiti nilishazisogeza raundi ya pili (najua). Hoja za mkaguzi zipo kwa kurasa za raundi ya kwanza. Naanzia wapi?

---

MkaguziWaRamani

Usizirudishe namba za zamani, utaleta safu ya tatu ya mkanganyiko. Fanya hivi. Toa nakala ya seti ya raundi ya kwanza kama ilivyopakiwa. Andika jedwali la safu nne za wima: ukurasa wa raundi ya kwanza, namba ya shiti ya raundi ya kwanza, namba ya shiti ya sasa, jina la mchoro. Oanisha kwa jina la mchoro na kwa kuutazama mchoro wenyewe, usioanishe kwa namba. Kisha chukua kila hoja, hata zilizokwisha kufungwa, hasa zilizokwisha kufungwa, ipitishe kwenye jedwali uone inaangukia shiti gani leo. Fungua hiyo shiti, tazama kama kweli kitu kimefanyika. Jedwali hilo lipakie pamoja na seti, na mwambie mkaguzi wako kwa simu kabla hajafungua faili. Kuanzia hapo namba zigandishe.

---

Nondo16

Nimemaliza, imenichukua siku mbili. Kati ya hoja 37, 34 ziko sawa. Moja ilikuwa imefungwa kwa kuangalia choo cha ghorofa nyingine, hiyo ni nyepesi. Mbili zilikuwa za S-203, nondo za juu kwenye boriti inayobeba ngazi. Zilifungwa kwa kuangalia ramani ya dari ya ghorofa ya juu yake, ambako nondo zilikuwa zimeongezwa. Kwenye boriti yenyewe hazikuongezwa. Nimempigia mhandisi wa miundo usiku huu huu, zege la boriti hiyo lilikuwa limwagwe Alhamisi. Amelisimamisha.